Alama Mbili na Nusu

Saa mbili asubuhi mkuu wa kituo aliingia ofisini kwa Inspekta bila kubisha hodi, akalibwaga jalada mezani na kulipigapiga kwa kidole.

"Saa nane mchana huyu kijana anasimama mbele ya hakimu," alisema. "Kuua kwa kukusudia. Wewe tia sahihi tu, tupumzike."

Inspekta hakuligusa jalada. Alikuwa mwanamke wa makamo, na askari wenzake walimwita Sindano akiwa hayupo. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwa na mazoea ya kupaza sauti. Aliuliza taratibu, na mtu alishtuka ameshachomwa.

"Bado nina swali moja, Mkuu."

"Swali gani tena? Bunduki ni yake. Alama za vidole ni zake. Msichana alimkataa mbele za watu. Hana hata mtu mmoja wa kusema alikuwa naye. Unataka risasi ikuandikie barua?"

Kusema kweli Mkuu hakuwa amepiga chuku. Siku tatu kabla, saa saba mchana, kwenye shamba kubwa la matunda nje ya mji, msichana wa miaka kumi na tisa alipigwa risasi akiwa juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye tangi la maji. Chini yake mchumba wake, fundi wa mabomba, alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili. Risasi ilitoka kwenye ghala kuukuu, mita mia nne kutoka pale, na bunduki ilikutwa humohumo juu ya magunia, kana kwamba mwenyewe katoka kidogo kunywa chai. Mwenyewe alikuwa mlinzi wa shamba. Walimwita Popo, kwa kuwa usiku alifukuza nguruwe pori na mchana alilala. Saa saba ile, alisema, alikuwa usingizini. Usingizi haujawahi kumpa mtu shahidi.

Marehemu alikuwa binti wa Kocha, mzee aliyewafundisha walinzi wote wa shamba kulenga shabaha. Kwa hiyo mkosaji alikuwa mwanafunzi, aliyeuawa alikuwa binti wa mwalimu, na mji mzima ulikwisha kumhukumu Popo kabla ya hakimu kuvaa joho.

Sindano alishuka mahabusu na picha moja mkononi. Popo alikuwa ameketi sakafuni, mkono wa kulia kaukumbatia kifuani. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi, kimeelekea upande ambao vidole haviendi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mzee, afande. Kocha. Juzi aliruhusiwa kuingia dakika kumi."

"Nani alimruhusu?"

Popo alitazama dari. Juu ya dari ile ndiko ilikokuwa ofisi ya Mkuu. Mkuu alikuwa na moyo laini kwa wafiwa, na laini zaidi kwa mfiwa mwenye funguo za shamba zima.

"Alivunja kimoja tu," Popo alisema. "Alikichagua. Akasema hiki ndicho alichonifundisha kukitumia, basi anachukua chake. Askari wawili walinishika. Mmoja wao alikuwa anatafuna muwa."

Sindano hakumpa pole. Pole ingempotezea muda, na muda ulikuwa wa Popo, si wake. Aliinyoosha picha mbele ya uso wa kijana. Ilikuwa imepigwa ghalani kabla mtu yeyote hajaigusa bunduki. Darubini ya kulengea ilionekana vizuri, na juu yake pete ya kukuzia yenye namba kuanzia tatu hadi kumi. Pete ilikuwa imesimama kwenye tano. Kwenye kumi palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha.

"Hili tone umeweka wewe?"

"Mimi. Rangi nilimwomba dada yangu."

"La nini?"

"Ili hata gizani nijue nimefika kumi. Nikiwa doria naiacha kwenye tano, nione eneo pana. Nikitaka kupiga mbali lazima nigeuze hadi kumi. Bunduki nikiirudisha kabatini inarudi ikiwa kwenye tano."

"Kwa nini lazima?"

Popo akamtazama kwa mashaka, kama mtu anayeulizwa na nesi jinsi ya kudunga sindano.

"Darubini yangu ni ya bei nafuu, afande. Ndani yake kuna kakioo kamechorwa msalaba, na chini ya msalaba kuna vistari. Kwenye darubini za bei mbaya, kama ile ya mzee, hako kakioo kamekaa mbele ya lenzi za kukuzia. Ukikuza, nguruwe anakua, na vistari vinakua naye. Kwenye yangu kakioo kako nyuma, karibu na jicho. Ukikuza, nguruwe anakua, vistari vinabaki vilevile."

"Vikibaki vilevile kuna hasara gani?"

"Vinadanganya." Akachora ukutani kwa ukucha wa mkono mzima, mstari wa kusimama na vistari vya kulala. "Kwenye mita mia nne, kistari kimoja hadi kingine ni sentimita arobaini. Kwa darubini ya mzee ni arobaini daima, akuze asikuze. Kwa yangu ni arobaini kwenye kumi tu. Nikirudi tano, nguruwe amepungua nusu, kistari hakikupungua. Sasa kinafunika themanini."

"Na risasi ikifika mita mia nne imeshuka kiasi gani?"

"Mita moja, kasoro kidogo au zaidi kidogo. Kwa hiyo huweki katikati ya msalaba kwenye nyama. Unaweka kistari cha chini, katikati ya cha pili na cha tatu. Mbili na nusu. Mtutu unainuka wenyewe."

Sindano aliandika. "Haya yote alikufundisha Kocha?"

Popo alicheka, kisha akajuta kucheka kwa sababu mkono ulitikisika. "Kocha? Nilimwuliza, mzee, mbona nikiwa kwenye tano risasi zangu zinaruka juu? Akaniinua mbele ya walinzi wote. Akasema darubini haina kosa, ni mimi ninayevuta triga kama nakamua ng'ombe. Alama ni alama, akasema, na anayeshikashika pete ni mtu anayebabaika. Ukweli niliusoma kwenye karatasi ya ndani ya boksi."

"Yeye hajawahi kutumia darubini ya aina yako?"

"Aishike ya nini? Anaziita miwani ya babu."

Sindano alifunga daftari. Mlangoni Popo alimwita.

"Afande. Mimi nilimpenda yule binti, sikatai. Aliponikataa nililia kama mtoto. Lakini kama ningetaka kumuua, ningemuua kwenye kumi."

Ulikuwa utetezi wa ajabu kuliko wote Sindano aliowahi kuusikia, na aliuamini wote.

Saa nne alikuwa kwenye uwanja wa shabaha wa polisi, yeye na mtunza silaha, mzee mmoja mkavu aliyeongea na bunduki zaidi kuliko na mkewe. Walikuwa wamesimamisha ubao mrefu kama mlango na nusu, wakachora juu yake mwanamume wa kimo cha fundi wa mabomba. Kifua chake kilikuwa mita moja na sentimita thelathini na tano kutoka chini. Bunduki ya Popo ilifungwa juu ya mifuko ya mchanga, mita mia nne kamili, na risasi zilitoka kwenye boksi lilelile la ghalani.

"Kwanza weka kumi," Sindano alisema. "Kistari cha mbili na nusu kifuani."

Risasi tatu. Zote tatu kifuani, unaweza kuzifunika kwa kiganja.

"Sasa jifanye hujui kitu. Msalaba katikati ya kifua, basi."

Risasi tatu zikashuka na kumpiga mtu wa ubao kwenye miundi ya miguu.

"Sasa rudisha tano. Kistari kilekile cha mbili na nusu, kifuani."

Mtunza silaha alimtazama. "Inspekta, hiyo itapita juu."

"Piga."

Walitembea mita zile zote mia nne kwenye jua. Matundu matatu yalikuwa juu ya kichwa cha mtu wa ubao, mahali patupu. Sindano alipima. Mita mbili na sentimita thelathini na saba kutoka chini.

"Hapa hapana mtu," mtunza silaha alisema.

Sindano alitoa ripoti ya daktari, akamwonyesha kwa kidole. Msichana alikuwa amekanyaga kipago cha nne cha ngazi. Tundu la risasi, kwa vipimo vya daktari na vya ngazi, lilikuwa mita mbili na sentimita thelathini na tano kutoka ardhini.

Mtunza silaha alichukua utepe akapima upya mwenyewe.

Njiani kurudi Sindano aliipanga hesabu kichwani. Tangu siku ya kwanza walimtafuta mtu aliyemchukia msichana, na hapo ndipo walipopotea. Mpigaji alimlenga mwanamume. Angekuwa mtu asiyejua chochote, fundi wa mabomba leo angekuwa hospitali na mguu uliovunjika. Angekuwa Popo, fundi angekuwa kaburini. Ili risasi ipande mita moja nzima ilihitajika akili ya mtu anayejua sana, tena anayejua darubini ya aina nyingine, na ambaye hajawahi hata siku moja kuhitaji kuigusa pete. Shamba zima lilikuwa na darubini moja ya aina hiyo, nayo ilikuwa ya Kocha. Kabati la silaha lilikuwa na funguo mbili, moja ofisini, nyingine kwa Kocha.

Ila hesabu hiyo mahakamani ingekuwa mchezo wa kitoto. Wakili yeyote angesimama na kusema Popo alimlenga msichana, akampata msichana, na kwaheri ya kuonana. Saa ilikuwa tano na nusu. Sindano alimpigia simu Kocha na kumwomba, kwa heshima zote, aje amsaidie.

Kocha alifika saa sita na nusu, shati jeusi limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala, lakini mikono imetulia. Alikaa bila kukaribishwa.

"Pole tena kwa msiba, mzee."

"Pole zimenitosha. Niambie lini atanyongwa."

"Hayo ndiyo niliyokuitia. Mimi mambo ya darubini yananipita pembeni, na hakimu atauliza. Nataka kauli ya mtaalamu, ili yule kijana asipate pa kuponyokea."

Mzee alijiweka sawa kitini. Hakuna msiba unaomzuia mtu kufurahia kuitwa mtaalamu.

"Uliza."

"Bunduki ile, risasi zile, mita mia nne, siku haina upepo. Mtu angelenga alama ya ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Bila kupima?"

"Inspekta, mimi nimefundisha walinzi miaka thelathini. Mbili na nusu."

"Na pete ya kukuzia? Ikiwa kwenye tatu, kwenye tano, kwenye kumi?"

"Haihusiani. Kukuza ni kwa ajili ya jicho. Alama ni alama."

"Naomba uiandike hiyo. Na sahihi chini."

Aliandika kwa mwandiko wa kulala, mzuri, akatia sahihi na tarehe. Sindano aliikausha karatasi kwa pumzi, akaiweka kando. Kisha akatandika mezani picha tatu za ubao, moja baada ya nyingine, kama anayegawa karata.

"Hii ni ya anayeijua bunduki ya Popo. Kifuani. Hii ni ya asiyejua kitu. Miguuni. Na hii ni yako, mzee. Mbili na nusu, pete kwenye tano."

Kocha aliitazama ile ya tatu. Mwanzo aliitazama kwa dharau, akitafuta kosa la mpigaji. Kisha akaivuta karibu.

"Bunduki imepotoka," alisema.

"Bunduki ni ileile iliyopiga ya kwanza. Mifuko ileile, dakika kumi kabla. Kakioo kake kako nyuma, mzee. Vistari havikui. Kwenye tano kila kimoja ni viwili. Popo alikuuliza jambo hili, ukamcheka."

Kocha alihesabu, midomo yake ilicheza. Mbili na nusu mara arobaini. Mbili na nusu mara themanini. Toa moja kwenye nyingine. Sindano alimwacha amalize mwenyewe, kwa kuwa alijua jibu hilo lingeuma zaidi likitoka kwake.

Alipomaliza alikuwa mtu mwingine, lakini hakuwa mjinga.

"Hizo ni hesabu," alisema. "Hakimu atakucheka."

"Atanicheka. Ndiyo maana sijampelekea." Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi moja, akailaza kifudifudi. "Mkuu aliwaambia binti yenu alikata roho palepale. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Ndivyo tunavyowaambia watu. Alikaa dakika kumi na moja. Fundi alimlaza mapajani, na watu watatu walikuwepo. Aliongea. Aliyoyasema yameandikwa hapa, na wote watatu wameyatilia sahihi."

Mkono wa Kocha ulitoka wenyewe. Sindano aliweka wake juu ya karatasi.

"Hapana, mzee. Wewe unatoa, mimi natoa."

"Wewe ni mnyama."

"Nimesikia. Saa nane kasoro robo gari linaondoka na Popo. Likishaondoka, karatasi hii inakwenda stoo na hutaisikia mpaka unaingia kaburini."

Mzee aliongea akiitazama karatasi.

"Siku ishirini nilimfuata kwa jicho. Mtu wa mabomba hatulii. Anainama, anainuka, anaingia chini ya tangi. Siku ile alishika ngazi. Mtu aliyeshika ngazi hasogei."

"Na binti yako alikuwa juu yake."

"Juu yake mita moja. Mita moja kwangu ni nyumba nzima, Inspekta! Nimepiga kifuniko cha soda mita mia mbili." Sauti ilimpasuka, akaikusanya. "Alikuwa anaondoka naye. Mbali. Hata kutuaga vizuri hakutuaga. Nimlee miaka kumi na tisa, aje mtu na spana yake aniambie asante?"

"Na Popo?"

"Popo alikuwa na bunduki, na alikuwa amekataliwa. Niliitoa kabatini nikiwa na glavu. Nilijua mtasema alimlenga mchumba kwa wivu. Mliposema alimlenga binti, sikuwakatalia."

"Kidole chake ulikivunjia nini, basi? Ulijua hakuua."

Hapo Kocha aliinua macho kwa mara ya kwanza, na Sindano aliona kwamba mzee bado alikuwa na hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

"Nilijua nimelenga sawa. Nikasema lazima huyu mpumbavu ameiangusha, ameipotosha darubini kwa uzembe. Nilidhani yeye ndiye aliyeniulia mwanangu."

Sindano aliandika neno kwa neno. Alimsukumia karatasi na kalamu. Sahihi ilitoka ileile, nzuri, imelala.

"Ningeigeuza hiyo pete?" mzee aliuliza.

"Ungempata fundi kifuani. Popo angenyongwa. Mimi ningetia sahihi asubuhi hii na kwenda kula."

Aliinuka, akafungua mlango, akamkabidhi askari wa zamu kauli ile ampelekee Mkuu, na amri ya pili kwamba Popo apelekwe hospitali sasa hivi, bila pingu. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Alisubiri mpaka aliposikia kitasa cha mahabusu kikigeuzwa chini, kisha akarudi kukaa.

"Nisomee," Kocha alisema.

Angeweza kumwambia kwamba binti hakusema la maana. Alimkumbuka msichana kwenye meza ya daktari, na kile kidole, na hakuona sababu ya kumhurumia. Aliigeuza karatasi na kuisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma namba ya gari.

"'Mwiteni baba. Yeye akitazama tu atajua risasi imetoka wapi.'"

Mzee hakulia. Aliinama mbele kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Rudia," alisema.

Sindano akarudia.